Pistoni Iliyotoboka

Maneno hayo Mama Nati aliyapatia kwa msusi, kichwa kikiwa nusu kimesukwa na nusu kimetimka, mahali ambapo mtu hawezi hata kuinuka akaenda zake.

"Ile kontrolboksi iliyoua gari la Mwokaji," msusi alisema, huku akivuta nywele kama anayekaza kamba ya mzigo, "imebandikwa stika mpya. Inauzwa tena. Na nasikia mnunuzi hayuko mbali na hapa."

"Nani huyo?"

"Mimi nimesikia tu, mwenzangu. Inamisha kichwa."

Aliinamisha, lakini neno lilikwisha kumwingia. Alirudi nalo nyumbani, akapika nalo, akafua nalo, na asubuhi yake akaketi nalo kwenye cherehani akashona mfuko wa suruali ya mteja mdomo ukitazama chini. Miaka ishirini na sita ya kushona hakuwahi kugeuza mfuko. Akaufumua, akakunja kazi, akachukua penseli na lile daftari lake la vipimo vya wateja, akatokea mlango wa nyuma kuelekea bandani.

Bandani ndiko alikokuwa Nati, bintiye wa kwanza. Jina hilo alilipata akiwa na mwaka mmoja na nusu, siku alipokutwa na nati ya baiskeli shavuni, ametulia nayo kama mtu anayenyonya peremende. Sasa ana miaka ishirini na minne, anatengeneza pampu katika kiwanda cha maji, na saa zake zote za nje ya kazi ameziweka kwenye gari moja dogo jekundu alilolijenga mwenyewe: bodi ya huku, injini ya kule, na turbo, ile feni ya chuma inayoisukumia injini hewa kwa nguvu, aliyoitoa kwenye gari jingine kabisa. Gari lilikuwa limekamilika isipokuwa ubongo. Na juu ya meza, siku hiyo ya Alhamisi, bongo zilikuwa tatu, zimepangwa kama mikate.

"Nieleze," Mama Nati alisema, akivuta stuli.

"Leo umeamkaje, Mama? Hujawahi kutaka kuelezwa."

"Leo nataka."

Nati akafuta mikono. "Kontrolboksi ndiyo inayoiambia injini iingize petroli kiasi gani na cheche ipige lini. Hii ya kwanza ilikuja na injini. Haijui turbo ni kitu gani. Nikiiacha, itabidi nifunge kijisanduku cha kuidanganya. Hewa ikizidi, inaambiwa haijazidi."

"Kitu chako chote kisimame juu ya uongo."

"Ndiyo maana ina vumbi, Mama. Nilishaiweka kando. Hii ya pili ni mpya, nimeazimwa kazini niitazame. Nzuri, lakini haina sikio. Injini ya turbo ikipata shida huanza kugonga, kama kokoto ndani ya kopo, kabla haijavunjika. Hii haisikii. Na presha ikipita kiasi haijui kukata petroli."

"Na ya tatu?"

Nati akaishika ya tatu kwa mikono miwili. "Hii ni ya Daktari. Imetumika, ila ina kila kitu. Inasoma presha mara tatu ya hewa tunayovuta hapa. Ina sikio. Ina kukata. Tena imeshajazwa namba zake zote. Nachomeka, nawasha. Jumamosi niko barabara kuu."

Barabara kuu ndiyo ile ile ambako injini ya Mwokaji ilikata pumzi katikati ya kulipita lori. Mama Nati alinyoosha mkono akapewa boksi, akaigeuza. Stika mpya, ukingo mmoja haujashika vizuri. Skrubu nne. Tatu za msalaba, moja ya nyota.

"Daktari ameitoa wapi?"

"Sijamwuliza."

"Yaani umenunua suruali hujauliza aliyeivaa?"

Nati akamtazama mamaye kwa jicho la pembeni, kisha akazitazama zile nywele mpya. "Mama. Umetoka kwa msusi."

"Nimetoka. Umeandika yaliyomo humu?"

"Nimenakili machache. Mama, hizo ni namba za injini."

"Na mimi nimesoma mpaka darasa la saba, na namba zilikuwepo. Lete."

Alinakili kwenye ukurasa mtupu, kati ya vipimo vya bwana harusi na vya sare za wanafunzi. *Injini ikatwe ikifika mizunguko 6,850. Feni ya rejeta iwake digrii 91.* Akauliza na nozeli, vile vijibomba vinavyopuliza petroli, za gari la Nati ni za rangi gani. Kahawia, aliambiwa, zote nne. Akaandika: *kahawia.*

"Usiifunge mpaka nirudi," alisema.

"Mama, nina leo na kesho tu."

"Na mimi nina leo. Nipe mpaka saa kumi."

Mama Nati alimkuta Mwokaji akitoa trei tanurini, unga mpaka kwenye nyusi. Mtu mnene, mcheshi, mwenye kovu jipya kwenye kiwiko.

"Mama Nati! Mkate bado dakika kumi."

"Sikufuata mkate, kaka. Nimefuata gari lako."

"Marehemu?" Akacheka, akamwonyesha kabati. Juu ya karatasi za oda, ili zisipeperuke, kulikuwa na pistoni, kile kikombe cha chuma kinachopanda na kushuka ndani ya injini. Mama Nati aliichukua. Ilikuwa nyepesi kuliko alivyodhani, na juu yake katikati palikuwa na tundu la kupitisha dole gumba, kingo zake zimeyeyuka zikaganda, kama mshumaa uliozimwa ghafla.

"Niambie siku yenyewe. Polepole."

"Nilikuwa nalipita lori. Nikakanyaga, turbo ikaanza kupuliza, gari likaruka kama limechomwa sindano. Nikasikia kokoto. Nikahesabu moja, mbili, tatu, halafu moshi, halafu hakuna gari. Niko upande usio wangu, lori ubavuni, mbele kuna basi linakuja. Nimejitosa mtaroni kwa kupenda kwangu."

"Watu wanasema ni kontrolboksi."

"Watu hao hao wanasema nimeiuza." Mwokaji akaingia stoo, akarudi na kopo kubwa la bati. "Hata mke wangu aliniuliza nimemuuzia nani. Hii hapa."

Mama Nati aliitoa, akaipeleka penye mwanga wa dirisha. Skrubu nne, zote za msalaba, na rangi ya kiwandani juu ya vichwa vyake haijapasuka hata kidogo. Haikuwahi kufunguliwa. Stika ya zamani, imefubaa, iko mahali pake. Hii haikuwa imeuzwa kwa mtu yeyote, na ile ya Nati haikuwa hii. Akaandika kwenye daftari: *Stika: uongo wa saluni.*

Hapo mtu mwingine angeshukuru, akapewa mkate wake wa moto, akaenda zake akiwa mwepesi. Lakini fundi cherehani akiletewa nguo iliyochanika haulizi imechanika wapi, hilo analiona. Huuliza kabla ya kuchanika ilikaaje mwilini.

"Kaka, kabla halijafa, gari lilikuwa na tabia gani?"

"Zuri. Wiki tatu, zuri kabisa. Taratibu linaenda kama saa."

"Hakuna kilichokushangaza? Hata kidogo."

Mwokaji akajikuna nyusi, unga ukadondoka. "Labda feni. Ilikuwa inawaka mapema, digrii tisini na moja. Zamani ilikuwa tisini na sita. Na ukilivuta mpaka mwisho linakata kwenye elfu sita mia nane na hamsini. Nilimwambia Daktari, si ungeniwekea elfu saba tu tukajua moja? Akasema ndivyo ilivyo."

Penseli ya Mama Nati ikasimama.

"Rudia."

Akarudia. Mama Nati akafungua ukurasa wa asubuhi, akaweka kidole chini ya mstari.

"Gari lako injini yake ni kubwa kiasi gani?"

"Lita mbili. Lilikuwa la kubeba mikate, siyo mchezo. Turbo niliweka mikate ifike ingali moto."

"Na ya Nati ni moja na nusu. Kampuni nyingine, umri mwingine." Akaketi juu ya gunia la unga bila kukaribishwa. "Kaka, ukiniletea makoti mawili ya watu wawili, na yote mawili mkono wa kushoto umezidi nusu inchi, sitasema watu hawa wamefanana. Nitasema makoti yote mawili yamekatwa kwa karatasi moja, na karatasi hiyo ilichorwa kwa ajili ya mtu wa tatu mwenye bega bovu."

Mwokaji alisogea karibu na daftari. "Unasema alinivisha nguo ya mtu."

"Bado sijasema. Nozeli zako unazo?"

Zilikuwa kwenye glavu kuukuu. Kahawia, zote nne.

"Na pampu ya petroli? Walipokutoa mtaroni, kuna mtu aliipima?"

"Shemeji yangu aliipima, maana Daktari alisema pampu ndiyo dhaifu. Ikajaza ndoo ya lita kumi ndani ya dakika tatu. Dhaifu ya wapi hiyo?"

Mama Nati aliandika *ndoo, lita 10, dakika 3*, akafunga daftari. Mkate alipewa, hata hivyo. Haukuwa wa kukataa.

Daktari hakusomea udaktari wa aina yoyote. Jina alipewa kwa sababu ya kile kipira cha kusikilizia mapigo ya moyo ambacho hakimtoki shingoni, anachokigusisha kwenye injini huku amefumba macho. Karakana yake ilikuwa safi, spana zimepangwa ukutani kwa ukubwa. Alikuwa ameinamia gari la mwalimu wa hesabu, injini inanguruma polepole, laptopu imekaa juu ya madigadi ya mbele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Daktari. Endelea na mgonjwa wako. Nakaa tu."

Akakaa juu ya tairi, akavaa miwani yake ya kutungia sindano. Kwenye laptopu namba zilikuwa zinapanda na kushuka, nyingi, lakini yeye alitafuta moja tu, iliyokuwa na alama ya digrii pembeni. Themanini na nne. Daktari akamwuliza kama Nati amefunga boksi. Bado, akasema. Themanini na saba. Daktari akasema Nati ana mkono wa dhahabu, hajaona fundi wa umri ule anayefunga waya vile. Mama Nati akashukuru. Themanini na tisa. Tisini.

Tisini na moja, na feni ikawaka kwa kishindo, ikapeperusha kurasa za daftari.

"Feni hii, Daktari, nani anaamua iwake lini?"

"Mimi, mama. Kila injini ina joto lake. Naipima, naisikiliza, ndipo naweka."

"Hii umeipima?"

"Naam."

"Ukapata tisini na moja."

"Ndiyo."

"Na ya Nati ukapata ngapi?"

Daktari alikitoa kipira masikioni, ingawa alikuwa anasikia vizuri.

"Na ya Mwokaji?"

Mkono wa Daktari ukaelekea kwenye kifuniko cha laptopu. Mama Nati akatangulia, akalaza daftari lake juu ya vitufe, limefunuliwa.

"Sitaki ugomvi, mwanangu. Nataka kuelewa. Mizunguko nayo inakatwa 6,850 kwa wote?"

"Mama, gari la Mwokaji liliuawa na pampu."

"Pampu ilijaza ndoo kwa dakika tatu. Umeshaambiwa hilo?"

"Sijaambiwa."

"Basi umeambiwa. Namba hizi, gari gani ndilo lililozizaa?"

Daktari aligeuka. Alitazama pembeni ya uwanja, ambako gari moja lilikuwa limefunikwa turubai, matairi yamekaa chini.

"Lile langu," alisema mwishowe. "Miaka sita iliyopita. Nililipima miezi minne, mama. Kila joto, kila presha. Liliimba. Watu wakalisikia, wakaja. Na kila mmoja anataka la kwake Jumamosi. Hakuna anayesubiri miezi minne. Nikaweka faili kwenye flashi, namwagia kila boksi, kisha narekebisha kidogo."

"Feni hukurekebisha."

"Feni nani anaitazama?"

"Mimi. Nozeli za gari lako ni rangi gani?"

Hapo Daktari aliketi chini, mgongo kwenye gurudumu la mwalimu. "Kijani."

"Za Mwokaji kahawia. Za Nati kahawia. Kijani inamwaga zaidi?"

"Mara moja na nusu."

"Kwa hiyo boksi inadhani imemwaga kikombe kizima."

"Kumbe imemwaga theluthi mbili." Aliyasema hayo taratibu, kama anayesomewa. "Petroli kidogo, hewa nyingi, moto mkali. Pistoni inayeyuka."

"Mbona la Mwokaji lilikwenda vizuri wiki tatu?"

"Ukienda taratibu, kuna sensa kwenye ekzosi inayoonja moshi na kuiambia boksi iongeze. Ukikanyaga, boksi haimngoji tena mwonjaji. Inafuata kilichoandikwa."

"Na sikio? Nati ameichagua hii kwa sababu ya sikio. Mwokaji alisikia kokoto, boksi yake haikusikia?"

Daktari alifumba macho, safari hii bila kipira. "Gari langu halikuwa na sikio hilo. Kwenye faili nililizima."

"Hata kwenye ya Nati."

"Hata kwenye ya Nati."

Injini ya mwalimu iliendelea kunguruma. Mama Nati akaizima yeye mwenyewe, kwa ufunguo, na uwanja ukawa kimya.

"Mangapi yako barabarani?"

"Saba. Hili ni moja."

"La mwalimu wa hesabu," Mama Nati alisema, "na majibu yamenakiliwa. Asijue mapema, atakupigisha magoti." Daktari alicheka kidogo bila kutaka, na alipocheka mabega yakashuka. "Yamebaki sita. Simu unayo?"

"Mama, utanitangaza?"

"Msusi ameshakutangaza, kwa kosa ambalo hukulifanya. Stika hukubandika kuficha kitu, boksi ya Mwokaji iko kwenye kopo lake stoo. Hilo nitalisafisha mimi leo leo. Lile ulilolifanya, litangaze wewe."

Akapiga. Alisimama kwa kila simu kama mtoto anayejibu darasani. "Usikanyage, ndugu yangu. Endesha taratibu, lilete. Hapana, si bovu. Ni mimi niliyekosea." Wa tatu alimtukana mpaka Mama Nati akasikia akiwa juu ya tairi. Wa tano hakupokea, Daktari akapiga tena, akapiga tena, mpaka akapokea. Simu ya mwisho ilikuwa ya Mwokaji, na hiyo hakuipiga mbele ya mtu. Alikwenda nyuma ya turubai, akakaa huko muda mrefu, na aliporudi alisema Mwokaji anataka kujua kama injini nyingine akiipata, atapimiwa kweli.

"Ukamwambia nini?"

"Miezi minne. Akasema atangoja."

Saa kumi kasoro Nati alikuwa amesimama mlangoni pa banda, mikono kiunoni.

"Mama, umekwenda kumhoji Daktari?"

"Nimekwenda kukaa juu ya tairi. Fungua laptopu. Tafuta ukubwa wa nozeli."

"Nimeshaona, ni..." Nati alisogeza, akatulia. Akasogeza tena. "Hizi si zangu. Hizi ni za kijani."

"Tafuta sikio."

Nati akatafuta. Palikuwa na kisanduku kidogo kwenye kioo ambacho kingetakiwa kuwa na alama, hakikuwa nayo. Akakitazama kwa muda. Kisha akazima laptopu, akalizungukia gari lake, akaweka kiganja kwenye paa lake jekundu.

"Jumamosi ningelikanyaga," alisema.

"Ungelikanyaga."

"Sikusoma vizuri, Mama. Nilisoma feni, nikasoma mizunguko, nikaona imejazwa, nikafurahi."

"Uliandika, lakini. Ungekuwa hukuandika ningekwenda kwa Mwokaji na stika tu."

Kama angeulizwa yeye, ile boksi ya tatu angeizika nyuma ya choo na kupanda maua juu yake. Alifungua mdomo aseme bora ile mpya ya kazini. Nati alikuwa tayari ameishika ile ya tatu.

"Nitatumia hii hii," alisema.

Mama Nati akashusha pumzi. "Nionyeshe kwa nini."

"Kwa sababu yenyewe haina kosa. Ile mpya ni kiziwi tangu kuzaliwa, hata nikiijaza vizuri. Hii ni kiziwi kwa kuzibwa. Nikizibua, inasikia. Na inajua kukata. Kosa liko kwenye maandishi, na maandishi yanafutika."

"Skrubu ya nyota, na stika?"

"Daktari alipoteza moja akaweka nyingine. Anapoteza skrubu kila wiki. Na stika ilibanduka alipoisafisha, akabandika nyingine."

Daktari mwenyewe alifika na laptopu yake kwapani, na hakuingia mpaka alipoambiwa ingia. Hakuna aliyemwambia pole wala aliyemkaripia. Nati alimsogezea stuli. Akachomeka waya, kioo kikauliza kama wana hakika wanataka kufuta kila kitu, na Daktari akageuza laptopu imtazame Nati.

"Bonyeza wewe. Ni ya kwako."

Akabonyeza.

Kisha Mama Nati akataka nozeli zipimwe, maana rangi nayo ni neno la mtu mwingine. Akaleta chupa nne za jemu, akazipanga chini. Nati akafunga nozeli nne kwenye bomba lake la petroli, uwanjani, mbali na kila chenye moto, Daktari akaziwasha kwa betri, Mama Nati akahesabu dakika moja kwa saa yake ya mkononi. Zikapuliza nne sawia, mvua nyembamba ya petroli. Walipozima, akainama na futi yake ya kitambaa, akapima chupa moja baada ya nyingine.

"Inchi tatu. Tatu. Tatu." Akarudia ya nne. "Mbili na robo."

Nati na Daktari waligongana vichwa kuitazama.

"Imeziba," Daktari alisema. "Hata faili lingekuwa la kwake, silinda hii ingekufa."

Nati alichukua spana. Aliichomoa nozeli ile, akaiosha kwa dawa, akaipuliza kinyume, akaiosha tena. Mara ya pili ikatoa mbili na tatu robo. Mara ya tatu, inchi tatu kamili, na Mama Nati akaandika zote nne kwenye daftari, katika ukurasa wake Nati, kama mteja mwingine yeyote.

Jumamosi gari halikwenda popote. Liliwashwa uwanjani kwa namba chache za kwanza ambazo hazikutoka kwenye gari la mtu. Likakohoa, likazimika. Likawaka, likatetemeka kama limetolewa majini, likazimika. Mara ya sita likashika, halikuwa tamu, halikuimba, na Nati akaketi nyuma ya usukani akicheka peke yake, laptopu mapajani, akiandika.

"Miezi minne?" Mama Nati alimwuliza Daktari.

"Kwa mkono wake yule? Mwezi mmoja na nusu. Na siku ya barabara kuu mimi nitakaa kiti cha abiria."

"Utakaa nyuma. Mbele nakaa mimi."

Daktari hakubisha. Alikuwa ameleta kipande cha boksi gumu na kalamu nene, akitaka kitu cha kutundika mlangoni pa karakana yake, kila anayeingia asome kabla hajasema Jumamosi. "Andika wewe, mama. Nikiandika mimi watasema najisafisha."

Mama Nati akaikalia kazi hiyo mezani kwa cherehani, akaiandika kwa herufi kubwa, akaikata mistari aliyokosea bila kuanza upya:

USINUNUE kontrolboksi kwa sababu imeshajazwa. Uliza imejazwa kwa ajili ya nani.

USIFUNGE kijisanduku cha kuidanganya kontrolboksi ya zamani.

USICHUKUE isiyoweza kusoma presha yote ya turbo yako, na isiyojua kukata ikizidi.

USIAMINI sikio mpaka uone limewashwa. Gonga injini kidogo kwa nyundo utazame kama namba inaruka.

USIAMINI rangi ya nozeli. Pima kwa chupa, dakika moja, zote, na mbali na moto.

USIDHARAU namba ya ajabu. Ikifanana na ya jirani, simama hapo hapo.

USIKANYAGE mpaka chini kwa kuwa limekwenda vizuri wiki tatu.

USIBEBE neno la saluni kwa mtu kabla hujaona skrubu.

USIMKATAZE binti yako. Vuta stuli, kaa, mwambie akuonyeshe.